Baraza la Mama na Njia ya Kiboko

Harufu ya udongo mbichi uliokandwa na samadi bado hunirudisha kwenye ufuko wa ziwa Nakivale, nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Tulikuwa tumekimbia kutoka Uvira, ambako jioni watu walikaa karibu na maji kupiga gumzo. Hapa kambini kila nyumba ilikuwa imeligeuzia ziwa kisogo. Watu walishuka kuchota maji, wakamwaga takataka, wakapanda haraka. Nilijiuliza sana kwa nini. Mama, ambaye hakuwa amecheka tangu tuvuke mpaka, alishikwa na jambo moja tu: kujenga baraza pale ufukweni, wanawake wapate mahali pa kukaa.

Yeye na majirani walisimamisha fito, wakakandika kuta tatu, upande wa ziwani wakauacha wazi. Mama alichora samaki ukutani kwa masizi, majivu na udongo mwekundu, nasi watoto tukagombania kuchovya vidole. Mama Kyomu, mwenyeji Mnyankole aliyekuwa akituletea maziwa kutoka mji jirani wa Endiinzi, alimwonya kwamba kiboko hupita hapo akienda malishoni. Mama alimjibu kwa upole kwamba yeye amezaliwa ziwani. Siku chache baadaye tulikuta ukuta wa nyuma umelala chini, nyayo pana katikati ya samaki wa Mama. Niliogopa ataacha, arudi kwenye ukimya wake. Aliupima ule uwazi kwa mikono, kisha akamgeukia Mama Kyomu kwa Kiswahili cha kwetu Uvira.

“Anapitaka fasi hii tu?”

“Iko pita hapa tu. Usiku.”

“Basi tumuachie mulango. Muchana ni yetu, usiku ni yake.”

Akacheka. Nilitaka kulia kwa furaha. Waliligawa baraza vipande viwili, njia ya kiboko katikati, kingo zake zikachorwa maua. Wanawake wakaja kusuka mikeka humo mchana kutwa, na takataka zikahamia kwingine.

Siku hizi naishi mjini Mbarara, nachora ramani za majengo. Mto Rwizi nao umepewa kisogo na karakana na maduka, nami nimeombwa kubuni mabanda ya sanaa ukingoni. Kuta zangu haziangushwi kirahisi kama zile za Mama. Juzi alinitembelea, nikamwonyesha mchoro kwa majivuno. Aliufuata ukingo wa mto kwa kidole.

“Na hapa,” akauliza, “ni nani anapitaka?”

 Niliikunja ramani, tukashuka wawili mtoni kuwauliza watu wa pale.