Manjano ya Chumbani

Mwanangu wa kwanza aliugua manjano mara tatu kabla hajatimiza wiki tatu, na mara zote tatu alipona kwenye bajaji. Tulimtoa nyumbani Nkuhungu akiwa na rangi ya binzari, tukafika hospitali, daktari akafunua khanga na kumkuta mtoto safi kabisa, anapiga miayo. Daktari alikuwa ananiangalia mimi. Mimi nilimwangalia dereva wa bajaji, kana kwamba ndiye aliyeuficha ugonjwa chini ya kiti.

Nianze na mama mkwe. Aliingia kutoka Kondoa siku mbili baada ya mimi kujifungua, akiwa na dumu la asali, unga wa uwele na masharti. Sharti la kwanza: mimi na mtoto hatutoki chumbani mpaka arobaini, labda kwa safari ya hospitali, na pazia halifunguliwi. Pazia lilikuwa la kuzuia vumbi la Dodoma, ambalo sote tunalijua, na jicho la watu, ambalo yeye alilijua zaidi. Mume wangu, kwa furaha ya kupata mtoto, alikuwa ameshatundika mapazia mapya ya rangi ya dhahabu ili wageni wasituone wanyonge. Dirisha letu linatazama mashariki. Jua likichomoza tu chumba kizima kilikuwa kinang'aa, na kila aliyeingia alisema jamani, pamependeza.

Siku tuliporuhusiwa, muuguzi alikuwa ametuambia tuangalie macho na ngozi ya mtoto, na tukiona manjano tusisubiri, tumlete. Mimi ni mwalimu. Nikiambiwa angalia, naangalia. Asubuhi ya siku ya tano nikamfunua mtoto, na manjano yalikuwa hapo, usoni, kifuani, mpaka kwenye nyayo.

Nikamwita mama mkwe. Akavaa miwani, akainama, akasema, "Yarabi."

Jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyekuwa ameleta supu, naye akachungulia. "Huyu kaiva kama embe," akasema.

Nilitamani kumrudishia supu yake.

Hospitali wakamtoboa kisigino, wakapima damu, wakasema yuko sawa. Tukarudi tukimshukuru Mungu. Kesho yake saa tatu asubuhi nikamfunua tena, na manjano yalikuwa yamerudi yote. Tukaenda tena, akapona tena njiani. Hapo nyumbani kila mtu akawa na maelezo yake. Mama mkwe alisema nyumba yenyewe ina jambo, maana mtoto akitoka anapona na akiingia anaumwa, akafukiza udi mpaka tukakohoa sote. Mume wangu alisema ni upepo wa bajaji. Alipendekeza dereva awe anakuja kila siku kumzungusha mtoto mpaka barabara kuu na kumrudisha. Alisema hivyo bila kucheka, na ana shahada.

Mimi sikuwa na maelezo. Nilikuwa na daftari. Niliandika humo kila nilichokiona: saa ngapi kanyonya, saa ngapi kapiga chafya, jicho la kushoto limezidi la kulia. Nilikuwa nalala kwa kusinzia tu, nikishtuka kila mara kuangalia kama anapumua, na akipumua nilikaa kusikiliza pumzi inayofuata. Siku moja nililia kwa sababu uji ulikuwa wa moto. Siku ya pili nililia kwa sababu umepoa. Na jambo ambalo sikuliandika kwenye daftari ni kwamba nilianza kuamini mtoto huyu amekosea njia, kwamba kuna mwanamke mwingine mahali fulani ambaye angemlea vizuri, na kwamba mimi nikiwa naye lazima nitampoteza. Niliogopa sana. Sikumwambia mtu, kwa sababu kila aliyekuja alisema hongera, na ukipewa hongera unajibu ahsante.

Safari ya tatu mama mkwe alikataa kubaki nyumbani. Alitaka amwone huyo daktari asiyejua manjano. Tulipokewa na muuguzi wa makamo aliyekuwa ameshatuzoea, akamfunua mtoto karibu na dirisha, akambonyeza kidogo pua kwa kidole, akamfunika.

"Mama, mtoto hana manjano."

"Nilijua utasema hivyo," nikajibu, sauti ikiwa imepanda, ile ninayoitumia kwa wanafunzi wa nyuma. "Ndiyo maana leo nimekuja na ushahidi." Nikampa simu yenye picha kumi na moja.

Akazipitia polepole. Kwenye ya saba akasimama, akaikuza kwa vidole, akaileta karibu na uso.

"Huyu aliyembeba mtoto ni nani?"

"Ni mama mkwe wangu, huyu hapa."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, na wewe una manjano?"

Mama mkwe akajivuta juu. "Mimi? Tangu nizaliwe sijaugua manjano!"

Muuguzi akatugeuzia simu. Kwenye picha mama mkwe alikuwa manjano kuliko mtoto. Ushungi wake mweupe wa kuswalia ulikuwa manjano. Shuka la kitanda manjano, wali kwenye sahani manjano, na mkono wangu uliojitokeza pembeni, manjano. "Pazia la chumba hiki lina rangi gani?" akauliza, na hakungoja jibu.

Naomba nieleze hapa kwamba nafundisha fizikia. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba kitu huonekana kwa rangi ya mwanga unaokiangukia, na asiyeelewa namsimamisha mpaka kipindi kiishe.

Akina mama wote kwenye foleni wakacheka. Nami nikacheka, nikacheka sana, na katikati kicheko kikageuka kilio, nikashindwa kukizuia. Muuguzi akafunga rejista yake.

"Kuleta mtoto hukukosea," akasema. "Ukiona manjano mlete hata mara ya kumi, ila kwanza mwangalie kwenye mwanga wa nje. Sasa niambie. Wewe unalala?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Mama mkwe akanitangulia.

"Halali. Namsikia kupitia ukuta. Nikadhani haniamini na mtoto, kwa hiyo na mimi nikawa silali, namlinda anavyonilinda."

Tulitazamana. Siku zote zile tulikuwa macho, kila mmoja upande wake wa ukuta, na hakuna aliyebisha hodi.

Muuguzi alinisikiliza mpaka nikamaliza yote, hata lile la mwanamke mwingine. Akasema ni ugonjwa unaowapata wengi baada ya kujifungua, una matibabu, na si kosa langu. "Mtoto tumempima mara tatu," akasema, "na mgonjwa hatujamuuliza hata mara moja." Akaniandikia nirudi Jumatatu kumwona daktari wa afya ya akili.

Njia nzima nilijua mama mkwe anawaza nini. Akili, kwake, ilikuwa neno la watu wanaookota makopo. Tulipofika alipanda kwenye stuli bila kuvua baibui, akayashusha mapazia ya dhahabu, siku ya kumi na tisa, arobaini ikiwa mbali. Akafungua dirisha. Mtoto akaonekana wa kahawia, na ana chunusi mbili.

Jumatatu nilisema siendi. Niliogopa kuonekana. Mama mkwe akamfunga mtoto mgongoni, akatoka nje akasimama kwenye jua mpaka nikamfuata.

Tulikaa kwenye benchi la ile kliniki. Juu yetu ukutani walikuwa wamebandika karatasi yenye maandishi makubwa: AFYA YA AKILI. Nilikuwa nimeinamisha kichwa niliposikia sauti ya jirani yetu wa supu, akitokea upande wa famasi na mfuko wa dawa.

"Jamani! Mtoto kazidi?"

Mama mkwe akanyoosha mgongo mpaka kichwa chake na ushungi vikaifunika ile karatasi yote.

"Mtoto mzima," akasema. "Mgonjwa ni mimi."

"Wewe bibi? Unaumwa nini?"

"Manjano."

Jirani akasogea, akainama, akamkagua uso kwa makini. "Kweli," akasema. "Hata mimi juzi niliyaona, nikanyamaza tu."

Mlango ukafunguliwa, daktari akaita anayefuata. Nikasimama. Jirani akatushangaa wote wawili.

"Mbona anaingia yeye?"

"Ananitangulia," mama mkwe akasema, huku akinisukuma taratibu mgongoni. "Mimi nikiulizwa na daktari nasahau. Yeye atamweleza kila kitu."

Nikaingia, nikamweleza kila kitu.