Ufuta Uliodondoka Chini

Kila msimu wa ufuta, mimi na dada yangu mkubwa tuliondoka Dimani, tukapanga chumba kimoja Ikwiriri na kwenda kupepeta kwenye ghala la mnunuzi. Bado naisikia sauti ya nyungo zikirushwa kwa pamoja, shwaa, shwaa, na vumbi tamu likitupanda puani. Tuliimba nyimbo za kuwasema wapakiaji wa lori. Wakijigundua, tuliimba kwa nguvu zaidi.

Zamani ushirika ndio ulionunua mazao. Kisha biashara ikaachiwa huria, wakaja wanunuzi wanne na malori yao, na msimu ule tulibembelezwa kama maharusi: huyu akiongeza ujira wa gunia, yule anaongeza na chai. Haukupita muda mrefu wawili wakaondoka. Waliobaki wakawa wanakunywa kahawa benchi moja, na tangu hapo ukienda kwa huyu au kwa yule, ujira ni ule ule. Mwishowe akabaki mmoja, tukimwita tajiri.

Lakini kulikuwa na desturi ambayo hakuna mnunuzi aliyewahi kuigusa. Ufuta uliodondoka nje ya jamvi ulikuwa wa mpepetaji. Jioni kila mtu alifagia mbele yake, akafunga wake kwenye kanga. Dada alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Ujira wake uliishia kwenye chumba na nauli. Ule wa chini, akishautoa mchanga, ndio uliowalisha wanawe: mwingine aliutwanga akaungia mboga, mwingine akauuza.

Msimu mmoja tajiri aliahidi kuongeza ujira, na siku ya malipo akakana. Msimu uliofuata dada alisubiri mpaka lori la kukodi lilipofika, akaweka ungo chini, akaketi na kunyoosha miguu. Sote tukaketi.

"Kina mama, lori hilo nalilipia kila siku. Linanila!" tajiri alisema.

"Likuleje, tajiri, na hapa aliyeshiba ni wewe peke yako?" dada akamjibu.

Wapakiaji walicheka mpaka mmoja akashikilia tairi.

"Haya, nimeongeza."

"Mwaka jana uliongeza kwa mdomo," dada akasema. "Mwaka huu ongeza kwa karatasi."

Mimi ndiye niliyekuwa nimemaliza darasa la saba, nikaitwa niandike. Niliandika kwenye karatasi ya daftari, taratibu, mwandiko wa kuringia. Dada akaniinamia sikioni. "Andika na ule wa chini."

Nikamjibu kuwa ule ni wa desturi, hauandikwi. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Karatasi yangu ilikuwa na neno "Mkataba" juu, nimelipigia mstari, na sikutaka kuitia habari za mavumbi. Nikaandika ujira wa kila gunia na siku ya kulipwa. Halafu, kwa kuwa niliwahi kuona maneno ya namna hiyo kwenye barua ya ofisini, nikamalizia: "Hakuna malipo mengine." Tajiri akasaini. Wanawake wakatia dole gumba.

Kesho yake tulikuta maturubai mapya yametandazwa mpaka ukutani. Jioni wapakiaji wakayakunja pamoja na ufuta wote uliodondoka.

"Huo wetu!" tukapiga kelele.

"Someni karatasi yenu," tajiri alisema, wala hakuwa mkali. "Mmeandika wenyewe."

Nyongeza ile haikufika hata nusu ya tulichopoteza. Mwanamke mmoja akanisonya. "Msomi katuuza huyu."

Dada akasimama. "Mwacheni. Aliandika nilichomwambia. Ule wa chini niliusahau mimi."

Alisema hivyo bila kunitazama. Nami nikanyamaza. Msimu ule alirudi kwa wanawe na kanga tupu, na mwaka uliofuata hakupepeta tena. Alikwenda Maparoni kuwavunia watu mpunga, magoti ndani ya tope, mpaka watoto walipokua. Hakuwahi kunikumbusha jambo lile, wala mimi sikulitaja.

Alipofariki, wapepetaji wenzetu walikuja kwenye hitima yake. Mtani wetu mmoja, kama watani wanavyofanya msibani, akaanza: "Marehemu alimketisha tajiri na lori lake! Ila kichwa hicho! Kadai karatasi, kasahau chakula cha wanawe!"

Wakacheka wote, kwa mapenzi. Wanawe walikuwepo, wakacheka pia.

"Hakusahau," nikasema. "Aliniambia niandike. Mimi ndiye niliyekataa."

Kicheko kikakatika. Yule aliyenisonya ghalani, sasa mzee, akanigeukia. "Na miaka yote hii umemwachia yeye abebe?"

"Ndiyo."

Hakuna aliyenifariji, na sikustahili. Mtani akaanza tena kumsimulia dada toka mwanzo, na safari hii hakusema kwamba alisahau.