Fundi Sponji Arudi kwa Jogoo Mfalme

Mimi ni fundi makochi, na mtaani kwetu naitwa Fundi Sponji. Wenye adabu wanasema jina hilo linatokana na kazi. Wasio na adabu, mke wangu akiwa mstari wa mbele, wanasema linatokana na tumbo.

Kwa miaka mingi nilikuwa na ugonjwa mmoja. Kila nilipokaa mbele ya kuku wa kukaanga na chipsi, iwe nyumbani, iwe msibani, iwe kwenye harusi ya mtu nisiyemjua vizuri, lazima niwaharibie wenzangu chakula.

"Mnakula tu," nilikuwa nasema, "lakini kuku hamumjui. Kuku alikuwa kwa Jogoo Mfalme."

Jogoo Mfalme ulikuwa mkahawa wa kona, karibu na kituo cha mafuta, enzi za utoto wetu. Nje ukutani palichorwa jogoo mkubwa kuliko mlango, kavaa taji kichwani na miwani. Ndani kulikuwa na viti virefu vinavyotazamana, kila jozi na meza yake katikati, na meza zenyewe zimefungwa sakafuni kwa bolti, nadhani kwa kuogopa kwamba mtu angeondoka nazo. Chakula kililetwa kwenye sinia la plastiki. Kwangu mimi hata sinia lilikuwa ufalme.

Nilivyokuwa nasimulia mimi, Baba, dereva wa malori, alitupeleka pale kila Jumamosi, mimi na dada yangu. Tulikalia viti vyekundu vinavyong'aa. Wahudumu walinijua. Baba alikunja mikono ya shati, akatuasa kuhusu maisha, na sisi tukawa tunatafuna busara na mapaja ya kuku kwa pamoja. Binti yangu, ambaye ni mtu mzima na anafanya kazi kwenye duka la dawa, ameihifadhi hadithi hii yote. Anasema alipokuwa mdogo, ndani ya hadithi nilikuwa nakula paja moja. Alipoingia sekondari nikawa nakula nusu kuku. Siku ya mahafali yake nikawasimulia wageni kwamba nilikuwa namaliza kuku mzima peke yangu.

"Baba," aliniambia siku ile, "huyu kuku unamfuga?"

Basi siku moja nikiwa karakana, napigilia kitambaa kwenye kochi la watu, simu ikaita. Mwanamke mmoja akajitambulisha kwamba amenunua mkahawa uliochakaa na anataka fundi wa kubadilisha ngozi za viti. Nikamuuliza uko wapi. Akasema: "Pale kona ya kituo cha mafuta. Ule wenye jogoo."

Nilirudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Mke wangu aliniona nimesimama mlangoni nahema.

"Vipi? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Amefufuka."

"Nani?"

"Jogoo Mfalme."

Alinitazama kidogo, akarudi kuosha vyombo. "Mungu atusaidie," akasema.

Kesho yake nilikwenda na futi yangu ya kupimia na shati lililonyooshwa. Jogoo wa ukutani alikuwa bado yupo, ingawa rangi imebanduka na jicho moja limekwenda. Mwenye mkahawa alikuwa mama mfupi, miwani inaning'inia kifuani. Alikuwa muuguzi mpaka alipostaafu, na alikuwa anazungumza na mtu kama anayemtayarishia sindano.

Nilipoviona vile viti, nilidondosha futi. Vilikuwa vilevile! Vyekundu, vimepasuka hapa na pale, sponji imechungulia nje, lakini vyekundu. Nikavigusa kama mtu anayempapasa ng'ombe wake aliyepotea.

"Nataka kijivu," mama akasema.

"Kijivu?" Sauti ilinitoka juu kuliko nilivyokusudia. "Mama, kijivu ni rangi ya wodi!"

"Wodini nimekaa miaka yote, Fundi. Kuta zetu zilikuwa za kijani. Nataka kijivu."

Nikaanza kumweleza historia. Nikamweleza juu ya Baba, Jumamosi, mapaja na busara. Alinisikiliza mkono kiunoni mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akauliza kama nitaanza Jumatatu au atafute mwingine. Nikasema Jumatatu. Ila nikamwomba jambo moja: kabla sijavichana vile viti, niruhusiwe kuja na familia yangu tule juu yake mara ya mwisho.

"Huu ni mkahawa, Fundi," akasema. "Mteja haombi ruhusa ya kula."

Jumamosi mchana tukaenda wanne: mimi, mke wangu, binti yetu na dada yangu. Huyu dada ananizidi umri na akili. Anauza vitambaa sokoni, ni mpole, lakini ana kumbukumbu isiyo na huruma. Ndugu wakibishana nani alizaliwa lini, au nani aligombana na nani kwenye harusi ya nani, simu anapigiwa yeye. Ningekuwa na akili nisingemwalika.

Nilichagua meza ya pembeni, ukutani, ile ninayoikumbuka. Kati ya kiti na meza palikuwa pembamba kidogo kuliko zamani. Niliingia kiubavu, nikavuta tumbo ndani, nikateleza mpaka ukutani. Meza ilinikumbatia. Nikajisemea, hata meza imenikumbuka.

Kuku akaja. Nikafunga macho, nikang'ata.

"Vipi?" mke wangu akauliza.

"Ngoja kwanza."

Nikang'ata tena. Alikuwa kuku. Sijui niseme nini zaidi. Chumvi imezidi kidogo, nyama imekauka kidogo, chipsi zimelegea kama mgonjwa. Wote watatu walikuwa wananitazama.

"Wamebadilisha mafuta," nikasema.

Ili nisiaibike, nikakimbilia hadithi. Nikaegemea kiti, nikafuta midomo, nikamwambia binti yangu: "Hapahapa, mwanangu, ndipo babu yako alipokuwa anatufunza maisha."

Dada akaacha kutafuna. "Babu yake yupi?"

"Baba yetu."

"Alikuwa anatufunza hapa?"

"Kila Jumamosi."

Dada akaweka mfupa chini polepole. Akanitazama kama anavyomtazama mteja aliyesema kitambaa cha pamba ni hariri.

"Mdogo wangu," akasema, "Baba alikuwa anakuja hapa kulala."

Nikacheka peke yangu. Hakuna aliyenifuata.

"Umesahau kile chumba chetu?" dada akaendelea. "Bati juu, hakuna dari, na ukuta wa pili ni karakana ya kuchomelea vyuma. Baba anaendesha lori usiku kucha, anarudi asubuhi, mchana chumba kinakuwa tanuri na vyuma vinalia. Atalala wapi? Hapa kulikuwa na kiyoyozi. Lakini huwezi kukaa bila kununua. Ndiyo anatununulia sinia moja la chipsi na kipande cha kuku, anaegemeza kichwa ukutani hapo ulipo wewe, analala."

"Alikuwa anatuasa," nikasema. Sauti ilikuwa imepungua.

"Alituasa neno moja: 'Kuleni polepole, zikiisha watatufukuza.' Baada ya hapo ni kukoroma."

Binti yangu alikuwa ameziba mdomo kwa karatasi ya kufutia mikono. Mabega yanacheza.

"Wewe ndiye ulikuwa bingwa," dada akaniambia, na hapo akaanza kutabasamu. "Chipsi moja ulikuwa unaing'ata kama panya anayesikiliza paka. Mfupa ulikuwa unaunyonya mpaka unabadilika rangi."

"Na kuku mzima?"

"Kuku mzima! Paja moja, tena tulikuwa tunagawana."

"Lakini wahudumu walinijua, dada. Hilo huwezi kulikataa."

"Walikujua sana. Kulikuwa na kijana anavaa nguo ya jogoo, anapita mezani kuchekesha watoto. Kila ukimwona unapiga yowe, unaingia chini ya meza. Wakawa wakituona tunaingia wanaambiana, 'Mficheni jogoo, yule mtoto amekuja.'"

Mke wangu alicheka mpaka akalala mezani. Binti yangu alikuwa analia machozi kabisa. Hata watu wa meza ya jirani, ambao hawakuhusika, walikuwa wanacheka na kutuomba radhi. Nikaona nilichobaki nacho ni heshima yangu, na kwamba njia ya kuilinda ni kuinuka taratibu na kwenda kunawa mikono kama mtu mwenye shughuli.

Nikajaribu kuinuka. Meza haikuniachia.

Nikateleza kulia, nikakwama. Nikajaribu kushuka chini kidogo nipate upenyo, nikakwama vibaya zaidi, kidevu kinakaribia sosi. Lile tumbo lililoingia tupu lilikuwa sasa limebeba kuku wa dunia nzima.

"Umekwama?" mke wangu akauliza.

"Sijakwama. Nimetulia."

Mama mwenye mkahawa akaja, miwani imepanda puani sasa. Akainama, akanichunguza, akanishika mkono kama anayetafuta mapigo ya moyo. Akamwagiza mpishi alete spana.

"Vuta pumzi," akaniambia. "Toa. Vuta tena. Usisukume!"

"Sisukumi."

"Unasukuma, nakuona. Usisukume mpaka nikwambie."

Mpishi akalala sakafuni kufungua bolti, ambazo nadhani hazikuwahi kuguswa tangu jogoo wa ukutani alipokuwa na macho mawili. Mkahawa mzima uliacha kula ili utazame. Bolti ya mwisho ikalia, meza ikasogea, mama akasema, "Sasa!" Nikatoka. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja wa nyuma akauliza kama mtoto ni wa kiume.

Jumatatu nilianza kazi. Nikachana ngozi nyekundu ya kiti cha kwanza, na chini yake nikakuta ngozi nyingine, ya kijani. Mafundi wavivu hufanya hivyo, hufunika ya zamani badala ya kuitoa. Nikachana ya kijani. Chini yake, iliyogandana kabisa na mbao, ilikuwa ngozi ya kwanza, ya kahawia, rangi ya chai iliyosahauliwa. Nikahamia kiti cha pili. Vilevile. Nikampigia dada.

"Dada, vile viti vya zamani vilikuwa rangi gani?"

"Kahawia. Kwani wewe unakumbuka rangi gani?"

"Kahawia," nikasema, nikakata simu.

Nilikaa sakafuni katikati ya sponji kuukuu. Nilikuwa nimemgombeza mama wa watu kwa ajili ya rangi niliyoiona labda dirishani nikipita, aliyoiweka fundi mwingine, miaka mingi baada yangu, pengine ana tumbo kama langu. Na bado kitu kilichonisumbua hakikuwa rangi. Nilikuwa namwona Baba, mtu wa miraba minne, kichwa ukutani, mdomo wazi, na watoto wawili wanagawana chipsi kwa meno ya mbele ili apate dakika chache zaidi. Hadithi ya dada ilikuwa nzuri kuliko yangu, na nilikuwa ndani yake muda wote huo bila kujijua.

Baba bado yu hai. Anaishi kwa dada, miguu imechoka lakini ulimi haujachoka. Jioni ile nilikwenda kumwamkia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umenenepa."

"Baba, unaukumbuka ule mkahawa wa Jogoo Mfalme?"

Uso wake ukafunguka. "Eeh! Pale palikuwa pazuri. Kiyoyozi chake kilikuwa hakina mfano."

"Na kuku wao je?"

"Kuku?" Akafikiri kwa haki kabisa. "Kuku sijui. Sikuwahi kumwonja."

Nikashona viti vyote kwa ngozi ya kijivu, na nakiri vilipendeza. Mama akakubali ushauri wangu mmoja tu, kwamba meza zisogezwe nyuma kidogo kabla ya kufungwa tena. Ili kupata kipimo, akaniamuru nikae, akachora alama sakafuni kwa chaki mahali tumbo linapoishia. Ndiyo maana leo ukiingia pale utakaa kwa raha, hata uwe na mwili gani.

Siku mkahawa ulipofunguliwa upya nilimleta Baba, tukamshika mikono mimi na dada. Mama mwenyewe ndiye aliyemletea sahani. Baba akalichukua paja kwa vidole, akalinusa, akala bila haraka mpaka mfupa ukabaki peke yake. Mimi nilikuwa sijagusa chakula changu. Nilikuwa namsubiri aseme.

"Si mbaya," akasema. Kisha akasogeza sahani pembeni, akaweka viwiko mezani. "Lakini ninyi maharage hamyajui. Kulikuwa na mama mmoja anapika kwenye kituo cha malori, njia ya milimani. Yale yalikuwa maharage! Unayasikia harufu kabla hujazima injini..."

Nilifungua mdomo kumwuliza kama ana uhakika. Dada akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikafumba mdomo, nikamsikiliza Baba akipanda milima yake moja baada ya nyingine, mpaka chipsi zangu zikapoa.