Siku bibi-arusi alitokea ku parbrize

Siku ya posho, Jumamosi, mwezi wa tano. Mvua ilianza asubuhi hapa Butembo, ile mvua ndogo yenye haina haraka, na mpaka saa hii naandika ingali inanyesha.

Naandika na haya. Muke wangu amesema niandike leo leo, juu nikilala kwanza, kesho nitaanza kusema kosa ilikuwa ya barabara, na barabara ya Beni, tuseme ukweli, leo haikutukosea kitu. Kosa ilikuwa ya mabulon yangu, zile bolti za kukaza chuma.

Kamioneti yangu ni muzee. Mulango ya dereva niliichomelea tangu zamani, haifunguke tena, donc sisi wote tunaingilia ku mulango ya ngambo ingine, na ile nayo haina mukono ya kufungulia, inje wala ndani. Kuko tu kamba moja inapita ndani ya mulango, unaivuta, inafunguka. (Mutu anaweza kucheka, mais ile kamba ilinitumikia vizuri kuliko vitu mingi yenye nilinunua mupya.) Retro, vile vioo vya pembeni vya kuangalia nyuma, zote zilibakia ku miti ya barabara ya Kamango. Sasa kaka yangu mukubwa akanambia mimi njo nitapeleka binti yake Kahindo ku bwana yake, Beni, mu mutaa ya Ruwenzori, na dada yetu mwenye kututangulia wote, shangazi Katungu, akaniuliza mbele ya batu: «Kasereka, utapeleka mutoto wetu na gari yenye haina masikio?»

Nikaenda kununua retro za lori moja yenye ilikufa. Kubwa kama sinia. Mabulon yake ilikuwa mirefu sana kwa mulango ya kamioneti, ilipaswa kukatwa. Nilikuwa na musumeno. Niliangalia musumeno, niliangalia mvua, nikasema: iache tu, bulon mirefu inashika zaidi. Nikatoboa milango, vioo vyake vikiwa vimepandishwa juu ya baridi, nikakaza. Ikashika kabisa. Ile jioni nilijisikia fundi.

Leo asubuhi tukatoka. Nyuma, chini ya bashi, ile turubai, bamama na bandugu na matelas za kulalia na masufuria, banaimba. Mbele tulikuwa batatu: mimi, Kahindo katikati na robe yake nyeupe, na shangazi ku mulango. Na mu ile retro nilikuwa naona yote, mpaka meno ya bamama wenye kuimba, na nikafurahi (ni vizuri niiandike pia, nilifurahi).

Tukafika. Bakwe balikuwa bamesimama chini ya hema. Shangazi akavuta kamba. Kamba ikakuja yote, ikabakia mu mukono yake.

«Kasereka, hii ni nini?»

Nikajua. Bulon ilikuwa ndani ya mulango, inasugua ile kamba tangu Butembo, kama panya. Nikamwambia ashushe kioo. Akazungusha, kioo ikashuka kidogo, tak, ikasimama. Ku bulon. Nikajaribu ya kwangu: tak. Tulikuwa mu chupa.

Sasa mutu mwenye hajue desturi yetu atauliza kama batu ya inje hawakuona. Hapana. Kwetu bibi-arusi hashuke bure. Shangazi anamushika, bakwe banaleta kitu kidogo ya kumufungua muguu, batu banacheka, anashuka. Donc vile tulikaa tu mu gari, kila mutu aliona ni desturi. Wenye kuwa nyuma bakaruka chini na kuimba zaidi.

Mama ya bwana akaleta kitenge, akaikunjua mbele ya kioo. Shangazi akatingisha mukono, hapana, hapana, mulango. Bakacheka: «Huyu shangazi ni mugumu.» Bakaleta kuku. Mimi nikapiga kioo na kuonesha mulango, mama mmoja akasema: «Hata dereva anataka yake.» Bakaniletea chupa ya kasiksi, pombe ya ndizi, bakaiweka ku kapo, kifuniko ya injini, mbele yangu, nikabakia kuiangalia.

Shangazi, nisimuonee, mwanzoni aliogopa kama mimi. Mais tangu kuku akakaa vizuri. «Tulia kwanza,» alisema. Kahindo akavuta robe yake ku magoti. Kiisha akasema pole pole: «Baba mudogo, batanikataa.»

Mu retro nikaona banavuta mbuzi. Mbuzi haikutaka. Nyuma yake alikuja baba ya bwana, na yeye hakuwa anacheka. Akanyoosha mukono, nyimbo ikakatika.

«Hii mbuzi njo ya mwisho mu hii lupango, hapa kwetu,» alisema. «Yenye tulipatana tulitoa yote. Kama munaona ni kidogo, murudie na mutoto wenu, tutaongea siku ingine.»

Kahindo akashika mukono ya shati yangu. Shangazi akaninongoneza: «Usiseme ya mulango. Batatucheka mpaka ku bajukuu. Ngojea, atalegea.»

Labda angelegea. Sijui. Mais ilikuwa kimya, na ile kimya njo nafasi moja nilipata. Nikapita juu ya magoti yao wote wawili, nikaweka mudomo ku kioo.

«Baba, hatuombe kitu. Hatuwezi kutoka. Mulango imekufa.»

Shangazi akanifinya mu paja.

«Imekufa na nini?»

«Na retro, baba. Mimi njo niliziweka.»

Akaangalia retro muda murefu, nafikiri alijiona ndani. Akapitisha mukono ku mulango, anatafuta pa kushika, hakuna.

«Sasa munaingiaka wapi?»

«Kuko kamba.»

Shangazi, na hasira yake yote, akapandisha kamba, akamuonesha. Muzee akaiangalia. Kiisha akageukia batu yake. «Si kiburi,» alisema. «Ni bulon.»

Lupango yote ikacheka. Nilistahili.

Bakaleta visu vya jikoni, bakakata mupira ya parbrize, bakatoa ile kioo kubwa ya mbele nzima nzima. Bwana mwenyewe akapanda ku kapo, akashika Kahindo, akatoka na robe yake yenye weusi ya mupira, bamama bakapiga vigelegele. Kiisha shangazi. Alifika nusu. Babili banavuta mikono, mimi ndani nasukuma dada yangu mukubwa namna haifai kuandika.

«Angalieni,» mama mmoja akasema, «shangazi anazaliwa mara ya pili.»

«Na mukunga njo dereva.»

Nikarudisha mbuzi. Shangazi alisema mbuzi ilitolewa juu ya kushuka, na tulishuka. Nikamujibu kitenge na kuku zilikuja na desturi, mbuzi ilikuja na bulon yangu. Sijui kama nilikata vizuri, juu mwenye kukata maneno njo alikuwa mwenye kosa. Tangu pale haongee na mimi.

Mupira ilikatika vipande, donc tulirudia Butembo bila parbrize, mvua mu macho, shangazi pembeni yangu amefungua mwavuli ndani ya gari. Mbele sikuona kitu. Nyuma niliona yote, safi kabisa.

Sitatoboa tena mulango kabla ya kushusha kioo yake na kuipandisha. Na nikiwa na musumeno, nitaitumia. Retro zingali pale, zimeshika.

Jioni tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo. Shangazi alikula kwetu, juu mvua haikumuachilia kwenda kwake. Kuku iko imefungwa ku muguu ya meza. Alimaliza, akanawa, akaambia muke wangu: «Ile tutachinja kesho. Ambia dereva, yeye atakula muchuzi tu.»