Kidonge kwa Chai ya Mama Birika

Kama hujapata kunywa chai ya Mama Birika, basi chai unaisikia tu. Aliipika nyuma ya karakana ya mbao, katika kibanda cha mabati chenye mabenchi mawili, akaiacha jikoni ichemke na tangawizi yake mpaka ilainike kooni na kuwa nyeusi ti. Mafundi seremala walimtania kwamba siku vanishi ikiisha watapaka milango kwa chai yake. Hakukasirika hata kidogo. Aliwajibu kwamba mlango uliopakwa chai yake mchwa hawatausogelea, na bei ya kikombe akaiacha palepale.

Alikuwa na mwana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, na huyo hakumzaa yeye. Alizaliwa na dada yake. Siku hiyo mtoto alilia vizuri, wanawake wakapiga vigelegele, na kabla vigelegele havijatulia dada akawa anatoka damu isiyokatika. Hakuwahi hata kumpakata mwanawe. Mama Birika, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa kutumwa dukani, alikabidhiwa kichanga kile akiwa hajui hata kukifunga nepi, na tangu hapo akaitwa mama.

Kwa hiyo mkwe wake alipotangaza kwamba ana mimba, Mama Birika aligawa chai bure karakana nzima, kisha akaenda nyuma ya kibanda akalia. Mkwe huyo alikuwa msusi, mwenye vidole vyepesi na maneno machache, na mama mkwe alimpenda kwa kelele kama alivyopenda kila kitu. Lakini kwenye furaha ile kulikuwa na hofu. Alitaka mjukuu, naam, ila zaidi ya mjukuu alitaka mama wa mjukuu atoke chumba cha uzazi akiwa hai.

Sasa cheka kidogo. Mwanamke huyo mwenye hofu ya damu ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga marufuku vidonge vya kuongeza damu. Msusi alirudi navyo kutoka kliniki, vidonge vyekundu vya madini ya chuma na foliki, akaviweka mezani, na Mama Birika akavitazama kama mtu anayemtazama paka aliyeonja maziwa. Alikuwa amesikia, kama wengi wa rika lake, kwamba vidonge hivyo humnenepesha mtoto tumboni mpaka anashindwa kupita. Akasema mkwe wake hatameza kitu cha kumpasua. Fundi wa kuchomelea akajaribu kuingia kati, akaambiwa yeye amewahi kubeba mimba ngapi, akaendelea kula.

Kesho yake akafunga kibanda, akajifunga khanga kiunoni na kwenda kituo cha afya kugombana. Aliyempokea ni mkunga ambaye mtaa mzima unamwita Sista, mama mpole asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Sista alimwacha aseme mpaka akaishiwa pumzi, halafu akamuuliza swali moja tu: kwa nini anaogopa hivyo. Mama Birika akajikuta anasimulia habari za dada yake, kitu ambacho hata mwanawe hakuwahi kukisikia chote.

Sista akamweleza taratibu kwamba kila mwanamke anayejifungua hutoka damu. Mwenye damu ya kutosha hupoteza kiasi, akalala, akala, akaamka. Ambaye damu yake ni kidogo hana cha kupoteza, hata hicho kidogo chaweza kumwangusha. Kidonge hakimfanyi mtoto jitu. Kinamwekea mama akiba ya siku ile. "Mtoto hutoka," Sista alisema. "Tunachokitafuta ni mama abaki."

Mama Birika alirudi nyumbani mtu mwingine, na mtu huyo mwingine alikuwa na kelele kuliko wa kwanza, maana hajui kufanya jambo nusunusu. Akatoa amri: kila asubuhi msusi akienda saluni apite kibandani, akae benchi la mbele, ameze kidonge chake mbele ya mashahidi kwa kikombe cha chai iliyoiva sawasawa, kutoka mkono wa mama mwenyewe. Mafundi walizima misumeno. Mmoja alishika kifuniko cha sufuria kama ngoma. Msusi akimeza, wanapiga makofi kana kwamba amefunga goli.

Na hakikuwa kitu chepesi kumeza. Vidonge vilimletea kichefuchefu, vikamfungia choo, na kidogo kilichotoka kilikuwa cheusi mpaka akashtuka. Mama Birika akamwambia kwamba Sista alikwisha kutaja hayo yote, ni kawaida, avumilie. Akavumilia. Habari zikaenea, na muuza mboga aliyekuwa na mimba yake akaja na vidonge vyake alivyokuwa amevitupa kabatini, akafuata mke wa kinyozi, kisha mwalimu wa chekechea. Anayemeza kidonge hakulipia chai. Mama Birika alikuwa akizunguka na birika lake huku akijisikia waziri wa afya.

Siku ya kliniki akaenda mwenyewe na mkwe wake kushuhudia ushindi. Alivaa gauni la harusi za watu. Msusi akatobolewa kidole, tone likawekwa kwenye kimashine, na Sista akakitazama, akatoboa kidole kingine, akatazama tena. Damu haikupanda. Ilikuwa imeshuka.

Sista akasema bila kuzunguka kwamba ikiendelea hivyo hataweza kumzalisha hapa, atampeleka hospitali kubwa, nayo iko mbali, na uchungu haupigi hodi. Kisha akamuuliza msusi, kwa upole uleule, kama kweli anameza. Wengi, alisema, huviweka chini ya godoro.

Hapo Mama Birika akachemka. Alisema mkwe wake si mwongo, anameza kila siku ya Mungu, karakana nzima ni mashahidi, Sista akitaka aletewe seremala aape. "Anameza mkononi mwangu," alisema, "na anashushia na chai yangu mwenyewe, nzito, iliyoiva."

Sista akaweka kalamu chini.

Akaeleza kwa sauti ileile, na laiti angepiga kelele ingeumiza kidogo kuliko vile. Chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Kadiri inavyoiva ndivyo inavyozuia. Kidonge kimepita tu njia, kikatoka kilivyoingia. Kimezwe kwa maji, au bora zaidi kwa maji ya chungwa au ndimu, na chai ikae mbali nacho saa moja au mbili. Akamgeukia msusi. "Lakini mama, haya nilikwambia siku ya kwanza."

Msusi alikuwa anatazama pamba kwenye kidole chake.

Mama Birika akamgeukia mkwe wake. Chai yake, ile iliyomlisha, ile iliyomsomesha mwanawe ufundi, ilikuwa inamkausha binti huyu kikombe kwa kikombe, na binti alijua. "Uliogopa kunikataza chai," akasema, "ukakubali kukauka damu?"

"Niliogopa ukikasirika utakataza na vidonge, mama," msusi alisema. "Ulikuwa umevikubali kwa shida. Nikasema bora nimeze vibaya kuliko nisimeze kabisa."

Mama Birika alimvuta mkwe wake akamkumbatia pale pale kwenye kiti cha kliniki, gauni la harusi za watu na yote. Kisha akamwambia kwamba mficha uchi hazai, na kuanzia leo akimwona anakosea amwambie usoni, hata mbele ya mafundi, hata mbele ya wageni, na kama ataogopa basi amwambie mumewe aje apige kelele kwa niaba yake. Msusi akacheka huku analia. Sista akaongeza dozi, akawapangia siku ya kupima tena, na akawafukuza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Asubuhi iliyofuata mafundi walikuta misumeno yao inasubiri na Mama Birika amesimama juu ya benchi. Muuza mboga alikuwepo, na mke wa kinyozi, na mwalimu, kila mmoja ana kidonge mkononi. Aliwaambia wasimeze. Aliwaambia, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba chai yake ndiyo iliyokuwa inaiba damu zao. Iliuma, msinione nachekesha. Mwanamke aliyejivunia chai miaka yote kusimama akaisema vibaya hadharani ni sawa na kujivua nguo. Seremala mmoja akaguna kwamba sasa vanishi imepatikana. Mama Birika akamwambia akalipe deni lake la maneno kwa kunywa maji siku nzima, na watu wakacheka mpaka muuza mboga akajishika tumbo.

Kisha ikawa vita. Kidonge cha msusi kikahamia jioni baada ya chakula, kwa maji ya machungwa aliyoyakamua fundi wa kuchomelea mwenyewe, vidole vimejaa makovu ya cheche. Maharage yakapikwa, mboga za majani zikapikwa, na ndimu zikakamuliwa juu ya kila kitu mpaka mume akalalamika kwamba meno yamemfa ganzi. Mafundi wakageuka wapelelezi. Siku msusi aliposhika kikombe cha mteja saluni, habari zilifika kibandani kabla hajakigusisha mdomo, na Mama Birika akaingia saluni mbio na mwiko mkononi, kumbe kikombe chenyewe kilikuwa na maji ya kusukia nywele.

Siku ya kupima, Mama Birika hakuingia ndani. Alisimama nje ya dirisha, ameshika nondo za dirisha kama mfungwa, midomo inatembea bila sauti. Msusi akatoka polepole, uso hausomeki, maana ndivyo alivyo, na mama mkwe karibu azimie kabla hajaambiwa. Damu ilikuwa imepanda. Imepanda vizuri hasa, Sista alisema, na akiendelea hivi atajifungulia hapa hapa. Mama Birika alipiga kigelegele kimoja kikali hata mtoto aliyekuwa anachanjwa chumba cha pili akasahau kulia.

Msusi akaendelea kumeza, bila kuruka siku, mpaka uchungu ulipoanza, asubuhi ya kawaida, msusi akiwa katikati ya kichwa cha mteja. Alimaliza msuko aliokuwa ameushika, akaomba radhi, akatembea kwa miguu yake mpaka kituoni. Fundi wa kuchomelea alifika na miwani yake ya kazi bado kichwani. Mama Birika alikaa kwenye benchi la nje. Mtoto alilia. Watu waliokuwa kwenye foleni wakafurahi, mmoja akapiga kigelegele, na Mama Birika akafumba macho, kwa sababu ni hapa, hapa hasa, ambapo zamani mambo yaliharibika. Alingoja kigelegele kiishe. Kikaisha. Akaendelea kungoja.

Sista akatoka. Alisema damu imetoka kama kawaida na imekatika, na mama na binti yake wako sawa. Aliwaruhusu wachungulie mlangoni, wasiingie kwanza.

Fundi wa kuchomelea akachungulia. Mama Birika alidhani anamtazama mtoto, akafuata macho yake, na akaona hapana, mwanawe alikuwa anamtazama msusi, aliyekaa ameegemea mto, nywele zimetimka, anamwambia kichanga kitu kwa sauti ndogo ambayo haikuwafikia.

"Mama," alisema yule mwanamume mzima. "Anaongea naye."

Mama Birika akamshika mkono. Wakasimama pale mlangoni, wakamtazama mama akizungumza na mtoto wake.