Nyimbo Ndani ya Kompyuta ya Asnath

Asnath, mwalimu mstaafu wa kata ya Pito, alikuwa amerekodi nyimbo za Kifipa za wazee wa kata yake na kuziweka zote kwenye kompyuta moja ya nyumbani. Wengi wa waimbaji walikuwa wamekwishafariki. Kompyuta ilipoanza kugonga-gonga ndani na kuganda, alimwita Kelvin, fundi wa mjini.

“Shikamoo, mwalimu. Usiizime, huenda isiwake tena,” Kelvin alisema. “Kuna programu mbili za kunakili. Moja inapeleka vitu vyote mtandaoni, hata nyumba ikiungua utavipata. Nyingine inanakili kwenye diski hii ya kuchomeka pembeni, tena upesi. Uchague, mama.”

Asnath alitazama jinsi mtandao ulivyokuwa ukisuasua. “Weka ya diski. Anza na nyimbo za marehemu.”

Wakasikiliza mashine inavyogonga. Kazi ilipovuka nusu kidogo, kioo kikawa cheusi.

Kelvin alichomeka diski kwenye kompyuta yake mwenyewe. Sauti ya bibi Agnesi, mmoja wa waimbaji marehemu, ikatoka, safi kabisa. Asnath alijifuta machozi, akajifunga kitenge na kuchukua kinasa sauti. Walio hai, ambao nyimbo zao hazikuwahi kunakiliwa, angewaomba waimbe upya.