Mtoto Hangoji Kondo

Kwa ajili ya kile kitenge sijamwomba mtu msamaha hadi leo, na asiyependa kusikia hivyo aniache nizungumze na wengine. Nilikuwa mkunga wa materniti hapa Kindu, mwanamke mwenye sauti kubwa na koti jeupe lililochakaa kwenye viwiko. Kazi niliyopewa ilikuwa kuwafundisha wanawake wanaozalisha wenzao huko mbali, njia ya Lubutu na upande wa Kampene, kwenye vituo ambavyo daktari haonekani na gari likipita ni bahati. Walikuja na vifurushi vyao na masufuria yao, wakalala katika jumba lililokuwa stoo ya mpunga, na asubuhi tukaanza.

Vifaa hatukuwa navyo. Nilishona mwanasesere wa gunia, nikamjaza makapi ya mpunga, na kabla ya kila somo nilimtumbukiza kwenye ndoo ya maji ili wamshike akiwa mzito na anateleza. Maskini yule mtoto wa gunia alizaliwa mara nyingi kuliko mtu yeyote Maniema, na kila mara alizaliwa bila kulia.

Nilikuwa na vita yangu moja. Kule walikotoka, mtoto akishatoka, watu wote walimgeukia mama. Mtoto alilazwa chini juu ya jani la mgomba, kitovu hakijakatwa, mwili umelowa, akingoja kondo la nyuma litoke. Waliamini kwamba ukimshughulikia mtoto kwanza, kondo litakasirika na kubaki ndani, na mama atakufa. Basi mtoto alingoja. Aliyekuwa na nguvu za kulia alilia. Asiyelia walimfunika, wakasema hakutaka kukaa. Nilikuwa nikisikia neno hilo, hakutaka kukaa, damu inanichemka. Nani alimuuliza?

Ndiyo sababu niliwaimbisha asubuhi na mchana: mtoto hangoji kondo. Mmoja abaki na mama, mmoja amchukue mtoto. Mfute, mkaushe, msugue mgongo, safisha mdomo, na kama bado yuko kimya mpulizie pumzi ndogo, ya shavuni, si ya kuwashia moto. Wengine walicheka, wengine walibisha. Mmoja tu hakucheka wala kubisha, bibi wa upande wa Kampene, aliyewazidi wote umri.

Siku ya kwanza nilipomuuliza kwa nini mtu wa umri wake ametembea njia yote ile, alinijibu bila kuinua macho.

"Mutoto wa binti yangu walimuacha chini. Miye mwenyewe nilikuwa pale, naangalia kondo. Sasa binti iko na mimba tena."

Nilimpa mwanasesere, naye alimfuta kwa nguvu mpaka mshono ukaachia.

Sasa tatizo. Zama zile chama kilikuwa kimoja, na tuliambiwa kwamba kila Mzaire ni mwanachama tangu akiwa tumboni mwa mama yake. Kwa hiyo wanawake wangu, kwa kuwa walikula chakula cha leta, yaani serikali, walipaswa kucheza animasyo kila alasiri: kuimba na kukata viuno kumsifu Mkubwa wa nchi, jua likiwapiga utosini. Walipewa kitenge kila mmoja, kipya, kinanukia duka, kimechapwa sura ya Mkubwa mbele na nyuma. Mwenye kusimamia ngoma hizo alikuwa bwana mmoja wa chama mwenye abakosti, koti la wakubwa lisilo na tai, iliyomkaza tumbo. Nilimwendea nikamwambia ananiibia masaa yangu ya masomo. Akaniita kama tulivyoamriwa kuitana, raia: "Sitwayeni, kuzaa wanawake wanajua tangu zamani. Kucheza njo hawajui." Nilirudi stooni nikapiga teke ndoo.

Ikaja siku ya kumpokea mgeni wa chama. Alikuwa anakuja kwa treni kutoka kusini, na mji mzima ulisukumwa stesheni, hata watu wa Alunguli walivushwa mto kwa mitumbwi, wagonjwa kwa wazima, maana asiyefika angeulizwa. Treni ikachelewa, kama kawaida yake. Tulisimama juani mpaka midomo ikakauka. Wanawake wangu walikuwa mstari wa mbele na vitenge vyao.

Nikasikia mtu ananivuta koti. Nyuma ya mabehewa yaliyoegeshwa, mwanamke mmoja wa Alunguli alikuwa amepiga magoti, ameshika chuma cha gurudumu, na mtoto alikuwa anakuja. Alikuja na tumbo lake la mwezi wa mwisho kwa sababu waliopita kuandika majina mtaani kwake hawakutaka kusikia habari ya tumbo. Niliita kwa sauti yangu yote, na bibi wa Kampene akatoka mstarini mbio.

Mtoto alitoka upesi, na damu ikamfuata. Mikono yangu yote ikawa kazini kwa mama: mmoja unasugua tumbo ili kizazi kikaze, mwingine unangoja kondo. Mtoto nilimwona kwa pembe ya jicho tu, wa kijivu, amelegea, kimya. Wanawake wa mtaani waliokuja kusaidia walifanya walichofanya siku zote, walimzunguka mama. Kanga ya mama ilikuwa imelowa chapachapa. Hapakuwa na kitambaa kikavu hata kimoja.

Bibi alifungua kitenge chake palepale, akabaki na gaguro lililotoboka, akamtwaa mtoto na kuanza kumfuta. Damu na uchafu wa kuzaliwa vikaenda moja kwa moja juu ya sura ya Mkubwa, kwenye miwani.

Yule bwana wa animasyo alikuwa amefuata makelele. Akasimama, macho yamemtoka.

"Weye mama! Ile njo sura ya Mukubwa! Hapana kupangusia uchafu! Acha!"

Bibi hakuacha. Hata hakumwangalia. Alisugua mgongo, akasafisha mdomo kwa kidole, akainama akapuliza pumzi ndogo ya shavuni. Bwana akanyoosha mkono akashika pindo la kitenge. Hapo nilisahau kazi yangu, mshahara wangu na watoto wangu wanaoutegemea.

"Toa mukono!" nilimfokea. "Si ninyi munasema muntu iko mwanachama tangu tumboni? Basi huyu njo mwanachama. Anapanguswa na kitenge ya chama chake. Weye unakataa?"

Watu walikuwa wamejaa, wanasikia. Mkono wake ukaachia pindo. Na mtoto akalia, kilio kidogo kikavu, kisha kikubwa, na wanawake wakapiga vigelegele ambavyo hakuna aliyewaamuru kupiga. Ndipo kondo likatoka, zima, na damu ikapungua chini ya kiganja changu. Nililia mbele za watu na sikuona aibu.

Kesho yake bwana akaja stooni. Alikuwa amepata maneno usiku. Bibi atakileta kitenge kimefuliwa, Jumamosi kwenye salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji, mbele ya watu wote, na ataomba msamaha. Asipofanya hivyo hatapewa brevet, cheti cha mafunzo, na bila brevet mkubwa wa kituo cha kwao hatamruhusu kumgusa mzazi yeyote. Alisema hivyo akijua habari za binti. Nilitamani kumtia ndoo kichwani.

Nilivuka mto kwenda Alunguli kumtazama mama na mtoto. Wote wazima, mtoto amefungwa kwenye kitenge kilekile. Nilipomweleza mama yake kwamba kinatakiwa, alicheka akiwa amelala.

"Aje kukamata mwenyewe. Mwambie mutoto amekwisha kukojoa mule."

Jumamosi tulijipanga na majembe, kama leta ilivyotaka, wafagiaji wa barabara kwa amri. Mbele paliwekwa meza, na bwana nyuma yake. Bibi aliitwa. Nilikuwa nimemwambia usiku wa kuamkia siku hiyo kwamba akitaka kuomba msamaha aombe, hakuna atakayemlaumu, binti ni binti. Sikujua atafanya nini.

Alitoka mstarini, na wenzake wote wakamfuata. Mmoja mmoja waliweka mezani kipande cha kitambaa kilichokunjwa vizuri, safi, kimepigwa pasi. Kila kipande kilikuwa sura ya Mkubwa, imekatwa kwa makasi kuzunguka kingo, bila doa hata moja. Zikapangana pale mezani sura juu ya sura. Mwanamke wa njia ya Lubutu, aliyebisha kuliko wote darasani, ndiye aliyesema:

"Sura tunarudisha, hatukuichafua. Nguo tunabakia nayo, njo ya kukaushia watoto."

Bibi alifika mwisho, akaonyesha viganja vitupu.

"Miye sina ya kurudisha. Yangu iko Alunguli. Iko kazini."

Watu waliinama juu ya majembe yao ili wasionekane wanacheka. Bwana alitazama lile lundo la sura zilizokatwa, na niliona anaelewa. Akipeleka mashtaka juu, ataulizwa yeye kwanza zimekatwaje chini ya uangalizi wake, na kwa nini ziko mezani kwake. Alizikusanya haraka akazitia katika mfuko wa abakosti, mfuko ukavimba. Brevet zilitoka zote wiki ileile, na ya bibi ikiwemo. Nadhani alitaka tu waondoke mjini.

Wenzake walimgawia bibi vipande vya vitenge vyao, kwa kuwa chake kilibaki ng'ambo ya mto. Alipanda lori la Kampene amevikumbatia. Mimi nilihamishiwa stoo ya dawa kwa muda, nihesabu chupa, na watu walinishauri nimwendee bwana nimlainishe kwa neno zuri. Sikwenda.

Mvua zilipoanza, mfanyabiashara mmoja wa Kampene alisimama mlangoni kwangu na kikapu cha mchele. Juu ya mchele kulikuwa na kipande cha kitenge, kimefuliwa, lakini doa la kahawia halikutoka. Akasema bibi alimrudishia maneno mara nyingi kabla ya safari ili asiyasahau njiani, na kwamba yeye mwenyewe hakuyaelewa.

"Amesema nikuambie: mutoto wa binti alilia, na kondo lilikuwa bado ndani."